Krismasi ya kafyu: Kanisa dogo la Mwihoko lilivyojipanga 2020, na yanayotufaa hadi leo

Kila Novemba ikielekea ukingoni, Wapwani wenzangu wanaosali katika makanisa madogo huku bara huniuliza maswali yale yale. Ibada ya Krismasi ipangwe vipi mfuko ukiwa mtupu? Mkesha uwe saa ngapi ikiwa watu wanaogopa njia usiku? Wazee na wagonjwa wafikiwe namna gani?

Maswali haya hayajaanza leo. Majibu mengi tuliyapata kwa taabu Desemba ya mwaka 2020, wakati wa korona, kafyu ikianza saa nne usiku na nafasi za kukaa kanisani zikiwa zimepunguzwa hadi theluthi moja. Nilikuwa katika kamati ya ibada ya kanisa dogo la mabati hapa Mwihoko. Nimeona heri niyakusanye mahali pamoja, tarehe na hesabu zikiwemo, ili atakayehitaji asianze upya.

Jambo moja nilitaje mapema kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Nyakati zikiwa ngumu, maandalizi ya Krismasi huanzia kwenye orodha ya majina ya watu. Saa ya ibada, kwaya, chakula na mapambo hufuata nyuma ya orodha hiyo.

Mwihoko ni wapi

Kwa msomaji wa Mombasa, Kilifi au Lamu ambaye hajafika huku, Mwihoko ni wadi katika eneo bunge la Ruiru, kaunti ya Kiambu, upande wa mashariki wa barabara kuu ya Thika. Wengi wetu tukitoka Nairobi hushukia Githurai 45, mtaa uliopata jina lake kutokana na nambari ya matatu, kisha tukaunganisha gari jingine au bodaboda. Majirani zetu ni Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu na Mwiki. Jina Mwihoko ni la Kikikuyu, na maana yake ni tumaini au tegemeo.

Wakazi wengi ni wapangaji. Kuna watu wa mjengo, kina mama mboga, makondakta, walinzi, walimu wa shule za kibinafsi, wauza mitumba, na vijana wanaokwenda Nairobi kila alfajiri. Wametoka kila pembe ya nchi, nasi Wapwani tumo kwa uchache wetu. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti ya Kiambu watu 2,417,735, ikawa ya pili nyuma ya Nairobi.

Mchanganyiko huu ndio unaokipa Kiswahili kazi kanisani. Katika makanisa mengi ya viungani mwa Nairobi, Jumapili moja huwa na ibada ya Kikikuyu, ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa saa tofauti. Siku ya Krismasi wote huketi pamoja, na lugha ya kuwaunganisha huwa Kiswahili. Mimi niliyekulia Rabai, ambako Krapf na Rebmann walianzisha kituo cha misheni mwaka 1846, hujiona nipo nyumbani siku hiyo moja kuliko siku nyingine zote za mwaka.

Mambo yalivyofika Desemba

Tarehe ni muhimu hapa, maana bila hizo mtu haelewi kwa nini Desemba ile ilikuwa nzito.

Tarehe 13 Machi 2020 kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Kenya. Tarehe 22 Machi nyumba zote za ibada zikaamriwa kufungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri.

Tarehe 6 Aprili eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake likafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kwa upande wetu mpaka uliwekwa kwenye daraja la mto Chania huko Thika, kwa hiyo Mwihoko ilikuwa ndani. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Pasaka ya tarehe 12 Aprili tuliisali nyumbani.

Wasomaji Waislamu wa tovuti hii walionja machungu hayo kabla ya Krismasi yetu kufika. Ramadhani ya mwaka ule tarawehe zilisaliwa majumbani, na mwezi wa Mei Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa pamoja na Eastleigh, Idi ikawakuta humo. Aliyeipitisha Idi ile bila kwenda kumpa mkono mzazi wake hahitaji kuelezwa tulichokuwa tunakihofia.

Tarehe 7 Julai mipaka ilifunguliwa, na nyumba za ibada zikaruhusiwa kurudi hatua kwa hatua chini ya masharti ya Baraza la Dini Mbalimbali, lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri. Masharti ya mwanzo yalikuwa makali. Watu wasizidi 100, ibada isizidi dakika 60, wenye umri chini ya miaka 13 na waliozidi 58 wabaki nyumbani, na shule za Jumapili pamoja na madrasa ziendelee kufungwa. Tarehe 28 Septemba kiwango kikawa theluthi moja ya nafasi, na kafyu ikasogezwa hadi saa tano usiku. Tulianza kupumua. Kisha maambukizi yakapanda tena, na tarehe 4 Novemba kafyu ikarudishwa hadi saa nne usiku, kwisha saa kumi alfajiri, amri ikiendelea hadi tarehe 3 Januari 2021.

Kwa maneno mengine, usiku wa Krismasi na usiku wa mwaka mpya vyote viliangukia ndani ya amri.

Juu ya hayo, tangu tarehe 7 Desemba wauguzi na maafisa wa kliniki wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo. Kuugua wakati ule kulitisha maradufu. Kanisa ambalo lingejaza watu kwa tamaa ya sherehe lingekuwa linacheza na maisha ya watu wake.

Wazee wa Kiambu walitukumbusha kwamba neno kafyu si geni kwao. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia 1954 watu wengi wa sehemu hizi walihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, wakawa wanaishi kwa saa za serikali hadi hali ile ilipoondolewa Januari 1960. Kwa hiyo tulipokuwa tukilalamika, wao walikuwa wanauliza maswali ya vitendo. Nani anakaa karibu na nani? Nani ana simu? Nani haonekani?

Orodha ya majina

Hapo ndipo kazi yetu ilipoanza. Majilio mwaka ule yalianza Jumapili ya tarehe 29 Novemba, tukawa na Jumapili nne kabla ya Krismasi, tarehe 29 Novemba, 6, 13 na 20 Desemba. Wiki ya kwanza tuliipa orodha tu. Tuligawanya washirika kwa ploti na mitaa, kama Wakatoliki wanavyofanya katika Jumuiya Ndogo Ndogo, mtindo ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Kila ploti ikapata mtu mmoja wa kupita mlango kwa mlango, barakoa usoni, akisimama nje bila kuingia.

Kwa kila jina tuliuliza mambo manne: Yupo? Mzima? Ana kazi? Amekuja kanisani tangu Julai? Majibu yalituumiza. Kuna milango iliyofunguliwa na watu wapya, wenyewe wamerudi mashambani kwa kushindwa kodi, bila kuaga. Kuna simu zilizokuwa hazipatikani. Kuna familia iliyokuwa ikitoa sadaka nono mwaka uliotangulia, sasa baba amesimamishwa kazi hotelini tangu Aprili na wanakula mara moja kwa siku, kimya kimya, kwa aibu.

Na kulikuwa na mzee mmoja, fundi seremala, aliyetengeneza madawati yetu yote. Hakuwa ameonekana tangu Machi. Alimwambia aliyemtembelea kwamba siku aliposikia tangazo la wazee kubaki nyumbani, alilisikia kama tangazo la mazishi yake. "Mlininyima hata sauti," alisema. "Hakuna aliyenipigia simu kuniambia nimekumbukwa."

Tangazo halikuwa letu, ila ule ukimya ulikuwa wetu. Neno lile la mzee lilibadilisha mjadala wa kamati. Hadi siku hiyo tulikuwa tukibishana kama tukodi hema tuongeze viti. Baada yake swali likawa jinsi ya kumfikia kila aliye kwenye orodha, iwe kanisani au kwake.

Hesabu ya viti

Kamati nyingi hukwama hapa, kwa hiyo nieleze taratibu.

Tuseme ukumbi wenu huketi watu 180 siku za kawaida. Theluthi yake ni 60. Ondoa wahudumu wa mlangoni, waimbaji, mhubiri na fundi wa vipaza sauti, tuseme 10. Zimebaki nafasi 50. Kama orodha ina watu 200 wanaotaka kuja, mnahitaji ibada nne. Na kama watu wakae umbali wa mita moja na nusu, pimeni sakafu kabla ya kuamini hesabu hiyo, maana ukumbi mwembamba hupoteza nafasi nyingi kuliko ukumbi wa mraba.

Kalenda ilituonea huruma. Krismasi ya 2020 ilikuwa Ijumaa. Tukawa na Alhamisi jioni, Ijumaa asubuhi na Jumapili tarehe 27, siku tatu za ibada ndani ya siku nne. Tuliwaambia watu wazi kwamba zote tatu ni ibada za Krismasi, nyimbo zile zile na masomo yale yale, na kwamba kila mtu achague moja tu ili mwenzake apate nafasi. Ijumaa tukaigawa mara mbili, saa mbili asubuhi na saa nne, katikati yake madirisha wazi na viti kupanguswa.

Kila aliyekuja alikuwa na karatasi ndogo yenye saa yake. Wako walionung'unika kwamba kanisa limegeuka kuwa ukumbi wa sinema. Lakini karatasi ile iliokoa jambo baya zaidi, nalo ni kumrudisha mtu mlangoni siku ya Krismasi. Injili ya Luka sura ya pili inasimulia familia iliyokosa nafasi usiku wa kujifungua. Hatukutaka kuwa wenye nyumba ile.

Nafasi za kwanza hazikwenda kwa waliotoa sadaka nyingi wala kwa viongozi. Zilikwenda kwa waliokuwa hawajafika tangu Machi na ambao afya zao ziliwaruhusu. Wanakamati walipangwa ibada ya mwisho.

Mkesha bila usiku wa manane

Jambo lililouma wengi lilikuwa mkesha. Kwa Mkristo wa Pwani, mkesha wa Krismasi ni usiku hasa, na kengele husikika mbali. Wapita njia wa Nyali wanaijua ile kengele ya Freretown iliyoipa Kengeleni jina lake. Huku bara pia mkesha ulikuwa na ladha yake, watu wakitembea makundi makundi saa saba za usiku wakiimba.

Kafyu ya saa nne iliufuta usiku huo. Matatu ya viti 14 ilikuwa imeamriwa kubeba watu 8, nauli zimepanda, na aliyechelewa njiani alijua atakutana na polisi. Ibada ya kumalizika saa tatu usiku ingekuwa mtego kwa mwenye kutembea na watoto.

Aliyetutoa katika tatizo hilo ni Mpwani mwenzangu, mama wa Taita. Alituuliza, "Kwani siku huanza lini?" Waswahili tunajua jibu. Kwetu siku huanza jua likitua. Usiku wa kuamkia Ijumaa tunauita usiku wa Ijumaa. Kanisa nalo, tangu zamani, huianza sikukuu kwa sala ya jioni ya siku inayotangulia. Kwa hesabu hiyo, Alhamisi tarehe 24 jua lilipozama, Krismasi ilikuwa imeshaingia. Hatukuhitaji saa sita ya usiku kuithibitisha.

Tukaweka ibada saa kumi na mbili na nusu jioni, giza likiingia, ikaisha kabla ya saa mbili. Taa zilizimwa kwa dakika chache, somo likasomwa kwa mwanga wa mishumaa, kisha watu wakatoka safu kwa safu. Saa tatu kila mtu alikuwa kwake.

Hatukuwa peke yetu. Italia nayo ilikuwa na kafyu ya saa nne usiku, saa ile ile ya kwetu, na Papa Fransisko akaongoza misa ya mkesha Vatikani saa moja na nusu jioni. Niliposema hivyo kwenye kikao, wale waliokuwa wakinong'ona kwamba mkesha wa jioni ni mkesha wa bandia walitulia.

Kwaya na watoto

Kwaya ya watu 40 haikuwezekana. Tuliigawa makundi ya watu wanne wanne, sauti zote nne zikiwemo, kila kundi na ibada yake. Mazoezi yalifanyiwa nje, chini ya mwembe wa jirani, na mengine kwa kutumiana sauti kwa simu. Waliohuzunika niliwakumbusha wimbo ambao dunia nzima huujua, Usiku Mtakatifu. Maneno yake yaliandikwa na kasisi Joseph Mohr mwaka 1816, Ulaya ikiwa imechoshwa na vita na njaa. Uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 huko Oberndorf, Austria, na watu wawili, yeye na Franz Xaver Gruber, kwa gitaa.

Hata ule utaratibu wa masomo tisa na nyimbo, unaopendwa na Waanglikana wetu, uliingia King's College, Cambridge, Krismasi ya 1918, vita vikiwa vimekwisha wiki sita hivi, ukaletwa huko na kasisi aliyekuwa ametoka kuhudumia wanajeshi. Mengi tunayoyaita mapokeo ya Krismasi yalizaliwa watu wakiwa wamebanwa.

Watoto walikuwa kazi nyingine. Wengi walikuwa nyumbani tangu Machi. Ni darasa la nne, la nane na kidato cha nne tu waliorudi shuleni tarehe 12 Oktoba, wengine wakingoja Januari. Shule ya Jumapili ilikuwa imenyamaza miezi. Igizo la Krismasi hatukulifuta, tuliligawa. Ploti moja ilipewa wachungaji wa kondoo, nyingine mamajusi, nyingine Mariamu na Yusufu. Jumamosi tarehe 19 kila ploti ilicheza sehemu yake uani kwake, majirani wakitazama kutoka ghorofani na milangoni. Waislamu wa ploti ya tatu walimkopesha Yusufu kanzu. Sidhani igizo letu la kanisani limewahi kupata watazamaji wengi namna ile.

Pesa na mkate

Kuna mambo mawili yaliyosaidia mfuko mwaka ule. Kwanza, kuanzia katikati ya Machi hadi tarehe 31 Desemba 2020, kutuma pesa kwa simu zisizozidi shilingi 1,000 kulikuwa bila ada. Sadaka ndogo ndogo za shilingi 50 na 100 zikawa na maana, kwa kuwa hazikuliwa njiani. Pili, kodi ya ongezeko la thamani ilikuwa imeshushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kwa muda, nayo ilikuwa irudi Januari mosi. Kwa hiyo tulinunua bidhaa za kugawa kabla ya mwaka kwisha.

Ugomvi ulikuwa juu ya matumizi. Kanisa lilidaiwa kodi ya kiwanja. Wengine walisema tulipe deni kwanza, maana kanisa bila kiwanja halipo. Wengine wakasema haifai kumlipa mwenye kiwanja huku mshirika akilala njaa. Hoja zote mbili zilikuwa za kweli, na kikao kimoja kiliisha watu hawaagani. Mwishowe tulikwenda kwa mwenye kiwanja na daftari letu wazi, tukamwonyesha kilichoingia na orodha ya nyumba zenye shida. Alikubali nusu, nusu ingoje hadi Machi. Pesa za mapambo, sare mpya za kwaya na hema zikawa unga, maharagwe, mafuta ya kupikia na sabuni.

Namna ya kugawa ina uzito kuliko kiasi. Tulijiwekea sheria tatu. Kifurushi kipelekwe jioni, na mtu mmoja, asiyevaa kitambulisho cha kanisa. Kusiwe na picha hata moja. Na vifurushi vyote vifanane, kwa anayesali kwetu na kwa jirani yake asiyesali kwetu, ili mtu asijulikane kwa mfuko aliopewa. Ile familia ya baba wa hotelini ilipokea chakula bila jirani kujua. Mwaka uliofuata alipopata kazi, alikuja mwenyewe kuomba apewe nyumba mbili za kupelekea.

Waliobaki nyumbani

Majina ya wasioweza kuja tuliyapanga kwa vipindi vya dakika kumi. Watu wawili, mlangoni au dirishani, somo moja fupi, wimbo mmoja, sala, basi. Tulianza Jumatatu tarehe 21 hadi asubuhi ya tarehe 24. Aliyehitaji kushiriki meza ya Bwana mchungaji alikwenda mwenyewe. Aliye mbali alipigiwa simu, akasomewa kwa sauti ya mtu anayemjua. Rekodi za kutumwa kwa kila mtu hazikuwa na nguvu hiyo.

Mzee seremala alipewa kazi. Tulimwomba asome somo la Luka kwa simu yetu iliyounganishwa na vipaza sauti, ibada ya Ijumaa saa mbili. Sauti ilikatika mara mbili, mtandao wa siku ile ulikuwa mbovu. Watu walingoja. Alipomaliza walipiga makofi, jambo ambalo kwetu si kawaida baada ya somo.

Baadaye ilivyotufaa

Tarehe 31 Desemba kafyu ilikuwa ingali pale, kwa hiyo kesha la mwaka mpya nalo lilifanywa jioni. Kisha, tarehe 26 Machi 2021, Kiambu ikawa miongoni mwa kaunti tano zilizofungwa tena, pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru, na ibada za ana kwa ana zikasimamishwa. Pasaka ilikuwa tarehe 4 Aprili, siku tisa tu mbele. Safari hii hakuna aliyebabaika. Orodha ilikuwepo, watu wa ploti walikuwepo, mzee alikuwa anasubiri simu. Masharti yalilegezwa Mei mosi, na kafyu ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Krismasi ya mwaka huo mkesha ukarudi usiku.

Tangu hapo shida zimebadilika sura. Kulikuwa na mafuriko ya mwezi wa nne na wa tano 2024. Kulikuwa na maandamano ya Juni mwaka huo huo kupinga Mswada wa Fedha, ambapo jirani zetu wa Githurai walilala kwa milio ya risasi usiku wa tarehe 25. Bei ya unga na nauli tunaijua sote. Kila mara orodha hutuambia jambo jipya la kuuliza, iwe ni nani ameondokewa na mtoto, nani maji yalimchukulia vyombo, au nani hawezi kurudi usiku peke yake.

Ratiba ya wiki nne kwa kamati

Kwa atakayetaka kuitumia, hii ndiyo tunayoifuata sasa.

Wiki ya kwanza ya Majilio ni ya orodha. Kila ploti iwe na mtu wake, kila mlango ubishwe, maswali yale manne yaulizwe. Majibu yasisomwe hadharani.

Wiki ya pili ni ya hesabu. Pimeni nafasi, pangeni idadi ya ibada, na muweke saa ya mkesha kwa kuangalia yule anayekaa mbali zaidi atafika kwake saa ngapi. Tangazeni saa hizo mapema, kabla watu hawajakata tiketi za kwenda mashambani.

Wiki ya tatu ni ya mfuko. Daftari liwe wazi kwa washirika. Madeni yazungumzwe na wanaodai kabla ya kununua chochote. Vifurushi vifanane na vipelekwe bila picha.

Wiki ya nne ni ya milango. Wagonjwa, wazee na wafiwa watembelewe kabla ya tarehe 24, ili siku yenyewe ikifika wawe tayari wamekula sikukuu pamoja nanyi. Mpeni angalau mmoja wao kazi katika ibada: asome, aombe, au achague wimbo.

Mapambo yafanyeni mkipata muda. Mwaka ule wa kafyu tulikuwa na kitambaa kimoja cha zambarau, mishumaa, na matawi ya mwembe wa jirani.